Nyota Pembeni mwa Kalsiamu: Hotuba kuhusu Uvimbe Adimu wa Tezi za Parathairoidi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi, wataalamu wa maabara, wanafunzi wa tiba, na ninyi mliokuja kwa sababu mna mgonjwa nyumbani, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimekuja na karatasi moja. Ni majibu ya damu ya mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa na miaka 46 nilipoonana naye. Jina limekatwa, na mwenyewe ameniruhusu kuionesha. Juu kuna sodiamu, potasiamu, yurea na kreatinini. Mstari wa saba ni kalsiamu: 3.4. Pembeni yake mashine imechapa nyota ndogo, ishara kwamba namba imevuka mpaka, kwa sababu kalsiamu ya mtu mzima kwa kawaida hukaa kati ya milimoli 2.2 na 2.6 kwa lita ya damu. Karatasi hii ilikaa kwenye faili lake miezi saba kabla haijanifikia. Ndani ya miezi hiyo alitolewa mawe ya figo mara mbili, akapewa dawa ya kulainisha choo, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo, na mwishowe vidonge vya usingizi, kwa kuwa alikuwa halali na machozi yalikuwa yakimtoka bila sababu. Kila aliyemhudumia alitibu kile alichoelezwa, na alikitibu kwa moyo. Ile nyota haikuulizwa na yeyote.

Siku anafika kwangu kalsiamu ilishakuwa 3.8. Nilimuuliza anajisikiaje. Akajibu taratibu, "Daktari, mimi nilishajiambia ni mwili tu umechoka." Nikapitisha vidole shingoni mwake. Upande wa kushoto, chini, nikakutana na kitu kigumu kama kifundo cha kidole, kilichopanda kwa shida alipomeza mate. Nikauondoa mkono, nikakaa. Yaliyonipitia kichwani dakika ile ndiyo nataka kuwaeleza leo.

Tuanze na tezi zenyewe. Nyuma ya thairoidi, ile tezi inayovimba mtu akipata rovu, zimejificha tezi nyingine nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, uzito wake miligramu 30 hadi 50 tu. Rangi yake ni ya manjano iliyoingiliwa na kahawia, na mpasuaji asiyezoea hudhani ni vipande vya mafuta. Mwanaanatomia wa Uingereza, Richard Owen, alizieleza baada ya kumpasua kifaru wa Kihindi aliyekufa kwenye bustani ya wanyama ya London mwaka 1849. Huwa naifikiria sana habari hiyo: ilihitajika shingo ya kifaru ili jicho la mtu litambue kitu hiki kipo. Kwa binadamu, aliyezichora na kuziandikia vizuri ni mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Sweden, Ivar Sandström, mwaka 1880. Kazi yake haikupokelewa kwa shangwe yoyote. Hakuna aliyejua tezi hizo zinafanya nini.

Kazi yake ni moja: kuilinda kalsiamu ya damu. Seli za tezi hizi zina vipokezi vinavyoonja kalsiamu muda wote. Ikishuka hata kidogo, tezi humwaga homoni ya parathairoidi. Homoni hiyo huiambia mifupa iachie kalsiamu, na mifupani ndiko kuliko na asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili. Huziambia figo zisiiache ipotee kwenye mkojo. Halafu huziamuru figo hizo hizo ziiamshe vitamini D, ili utumbo nao uvune zaidi kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ikipanda, tezi hunyamaza. Sasa tezi ikiota uvimbe, kule kunyamaza kunakufa. Damu imejaa kalsiamu, tezi bado inadai nyingine. Huo ndio ugonjwa uitwao haipaparathairoidizimu ya msingi, na neno "msingi" lina maana kwamba kosa liko ndani ya tezi yenyewe, haijasukumwa na figo zilizochoka wala upungufu wa vitamini D.

Hapa naomba wanafunzi wanisikilize kwa makini, maana ndipo watu wengi hujikwaa. Kalsiamu ikiwa juu, pima homoni ya parathairoidi siku hiyo hiyo. Kama kalsiamu imepandishwa na saratani ya mahali pengine, ya mapafu kwa mfano, tezi zenye afya zitakuwa zimenyamaza na homoni itakuwa chini kabisa. Kama tezi ndizo zenye kosa, homoni itakuwa juu, au itakuwa ndani ya mipaka inayoandikwa "kawaida". Msidanganywe na hilo neno. Tezi inayotoa homoni ya "kawaida" wakati kalsiamu ni 3.0 haiko kawaida, ilipaswa kuwa kimya. Na kabla ya yote rudieni kipimo, mkono usifungwe mpira kwa muda mrefu wakati wa kutoa damu, angalieni na albumini, ile protini inayobeba kalsiamu kwenye damu, na muulizeni mgonjwa kama anatumia lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, au dawa za shinikizo la damu za jamii ya thiazaidi, maana hizo nazo hupandisha kalsiamu.

Mkishajua tezi ndiyo yenye kosa, wagonjwa 80 hadi 85 kati ya 100 watakutwa na adenoma moja, uvimbe usio saratani. Unatolewa, mgonjwa anapona. Wengine wana tezi mbili zilizovimba, au zote nne. Wale wenye saratani ya parathairoidi hawafiki mmoja kati ya 100. Ndiyo maana inasahaulika. Daktari anaweza kufanya kazi mpaka astaafu asiione hata mara moja, na mwingine akaiona asiitambue. Mimi nimefanya yote mawili, kwanza kutoiona, kisha kutoitambua, na nitalieleza hilo la pili baadaye kidogo.

Dalili za kuishuku zipo. Kalsiamu ikivuka 3.5, simama. Homoni ikiwa mara tano, mara kumi ya mpaka wa juu, simama. Uvimbe ukishikika kwa vidole shingoni, simama kabisa, kwa sababu adenoma ya kawaida ni ndogo na laini, imekaa ndani, karibu haishikiki kamwe. Figo na mifupa vikiumwa kwa pamoja, mawe huku na maumivu ya mifupa huku, hilo nalo lina uzito. Ugonjwa wa kawaida huwapata wanawake kama mara tatu zaidi ya wanaume, hasa waliokoma hedhi. Saratani haichagui, huwapata wote sawasawa, na mara nyingi mapema zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Yule mwalimu alikuwa nazo nne.

Wengi wenu mtauliza: si tuchome sindano tutoe chembe tuzipime? Hapana. Msichome. Sindano inaweza kuburuta seli za saratani kwenye njia yake na kuzipanda shingoni, na hata ukizipata, kwa kuziangalia tu hutaweza kuzitenganisha na za adenoma. Saratani hii haithibitishwi kabla ya upasuaji. Inashukiwa tu. Anayeishuku mapema ndiye anayempa mgonjwa nafasi, kwa kuwa upasuaji wa kwanza ndio wenye matumaini makubwa, na jinsi utakavyofanywa inategemea mpasuaji ameingia chumbani akiwa na wazo gani kichwani.

Niwaeleze mkono unahisi nini. Adenoma ikifunuliwa ina rangi ya kahawia nyekundu, imeng'aa, laini kama upande wa ndani wa shavu. Unaizungusha kwa kidole, inajiachia yenyewe kwenye kitanda chake, unafunga mshipa mmoja mdogo, umemaliza. Saratani ina rangi ya kijivu inayokwenda kwenye weupe. Ni ngumu. Inashikamana na thairoidi, au na misuli, au na neva ya sauti inayopita pale pale nyuma. Kidole kinataka kufanya kile kilichozoea, yaani kuimenya. Hapo ndipo kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilikutana na uvimbe wa namna hiyo, sikuwa nimejiandaa, nikaumenya. Ganda likachanika kidogo, tone la kitu cheupe likatoka, nikasafisha na kufunga. Ripoti ya maabara ilipokuja ilisema saratani. Miaka miwili baadaye mgonjwa yule alirudi na vinundu vidogo vidogo vimetapakaa shingoni, kila kimoja kinatoa homoni. Nilimrudisha chumba cha upasuaji mara tatu. Nalisema hili mbele ya wanafunzi kwa sababu hakuna kitabu kilichonifundisha vizuri kama yeye, na yeye hakujitolea kuwa somo langu.

Inavyotakiwa ni kuutoa uvimbe wote kwa pamoja bila kulichana ganda lake, pamoja na nusu ya thairoidi ya upande huo na chochote kilichogandamana nao. Homoni ya parathairoidi haidumu kwenye damu, nusu yake huisha ndani ya dakika tatu hadi tano, kwa hiyo unaweza kuipima mgonjwa akiwa bado mezani. Dakika kumi baada ya kutoa uvimbe, homoni ikiwa imeshuka zaidi ya nusu, kuna matumaini kwamba hakuna chanzo kingine kilichobaki.

Baada ya hapo kazi inakwenda kwa mwanapatholojia, anayeupima uvimbe kwa darubini, na kazi yake si rahisi. Seli za saratani hii zinaweza kuwa tulivu, zimepangika vizuri, huku za adenoma zikaonekana za ajabu. Anachokitafuta ni uvamizi: seli zilizoingia ndani ya mshipa wa damu, zilizouzunguka uzi wa neva, zilizopenya thairoidi au nyama za jirani, au zilizokwishahamia kwenye mapafu, ini au mifupa. Kuna uvimbe unaokaa katikati, una sura ya kutia shaka lakini hakuna uvamizi uliothibitika. Shirika la Afya Duniani, katika mgawanyo wake wa mwaka 2022, limeuita uvimbe wa parathairoidi usio wa kawaida, badala ya jina la zamani la adenoma isiyo ya kawaida. Mgonjwa akipewa jibu hilo asiambiwe "umepona, nenda." Afuatiliwe.

Adimu si saratani peke yake. Upo uvimbe uliojaa mafuta kiasi kwamba skani inapita juu yake bila kuuona. Zipo cysti, yaani vifuko, zenye maji meupe kabisa, na ukipima homoni ndani ya maji hayo unapata kiwango kikubwa mno. Zipo adenoma zinazovuka gramu 3.5, za kutisha kwa ukubwa lakini hazina saratani.

Halafu kuna uadimu wa mahali. Mtoto akiumbwa tumboni, tezi mbili za chini huteremka shingoni pamoja na tezi ya thaimasi, ile inayokaa kifuani, na safari hiyo wakati mwingine inapitiliza hadi kifuani. Hapo lazima nimtaje nahodha wa meli wa Marekani, Charles Martell. Alikuwa mrefu, jitu la mtu, mpaka mifupa yake ilipoanza kulainika na kuvunjika, akapungua kimo kwa takriban sentimita 18. Madaktari walimfungua mara sita wakitafuta uvimbe, hawakuuona. Yeye mwenyewe alisoma vitabu vya anatomia akawahimiza watafute kifuani. Mwaka 1932, katika upasuaji wa saba, waliukuta huko. Wiki chache baadaye alifariki, baada ya kufanyiwa upasuaji wa jiwe lililoziba njia ya mkojo, koo likiwa limekazwa na misuli iliyokosa kalsiamu. Sijui mgonjwa mwingine aliyewavumilia madaktari wake kiasi hicho.

Na kabla yake alikuwepo Albert, kondakta wa tramu mjini Vienna. Daktari Felix Mandl aliamini, kama wengi wa wakati wake, kwamba mifupa inalainika kwa sababu tezi hazitoshi, hivyo akampa dondoo la tezi, akampandikizia na tezi za mtu mwingine. Hali haikubadilika. Mwaka 1925 akamfungua shingo, akatoa uvimbe, na Albert aliyekuwa hawezi kutembea akatembea. Ugonjwa ulirudi baada ya miaka kadhaa na ukamuua. Wapo wanaoamini kwamba uvimbe ule wa kwanza kabisa kutolewa katika historia ulikuwa saratani, na mimi nikitazama mwenendo wake nashawishika hivyo.

Kuhusu kurithi nitakuwa mfupi, ila ndugu wa wagonjwa wasitoke kabla sijasema. Mwaka 2002 ilitambuliwa jeni iitwayo CDC73, iliyo kwenye kromosomu ya 1, inayotengeneza protini iitwayo parafibromini, ambayo huzizuia seli zisizaliane ovyo. Jeni hiyo ikiharibika, familia huweza kupata uvimbe wa parathairoidi, uvimbe wa mifupa ya taya, wakati mwingine na uvimbe wa figo au wa mji wa mimba, na ni familia hizo ambazo saratani ya parathairoidi huzipenda zaidi. Wapo pia wagonjwa wa saratani hii wasio na historia yoyote ya kifamilia wanaokutwa wamezaliwa na kasoro hiyo. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani hii apimwe jeni, na akikutwa nayo, watoto na ndugu zake nao waitwe. Daktari wa meno akiona uvimbe wa taya kwa kijana, aulize kalsiamu ya kijana huyo. Jeni nyingine, MEN1, iliyotambuliwa mwaka 1997, huvimbisha tezi zote nne na huandamana na uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na wa kongosho. Kuna pia familia ambazo vipokezi vyao vya kalsiamu vimezaliwa vizito, kalsiamu yao iko juu kidogo maisha yote huku ya kwenye mkojo ikiwa ndogo. Hao hawana uvimbe, na kisu hakiwasaidii chochote. Pimeni kalsiamu ya mkojo kabla ya kumlaza mtu mezani.

Turudi kwa mwalimu. Kabla ya upasuaji tulimtia maji ya kutosha kwa dripu na kumpa asidi ya zoledroniki ili mifupa iache kumwaga kalsiamu. Tulitoa uvimbe wa sentimita tatu pamoja na nusu ya kushoto ya thairoidi. Usiku wa pili midomo ikaanza kumfa ganzi na vidole vikajikunja. Muuguzi wa zamu, ambaye ningependa angekuwa amesimama hapa badala yangu, alijua mara moja: mifupa iliyonyang'anywa kalsiamu miaka yote sasa ilikuwa inaivuta yote kutoka kwenye damu. Mgonjwa akapewa kalsiamu ya mshipani na vitamini D, na tukaendelea nayo kwa wiki kadhaa. Ripoti ya patholojia ikasema kuna seli ndani ya mshipa wa damu. Ilikuwa saratani.

Nilimwambia ukweli wote. Karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa na ugonjwa huu, wengine baada ya miaka zaidi ya kumi. Mionzi na tibakemikali hazijaonesha msaada mkubwa. Na kinachowaua wengi wao ni kalsiamu, inayoziharibu figo na kuuvuruga moyo, kuliko uvimbe kubana kitu. Ndiyo maana ukirudi tunapasua tena hata kama hatutaumaliza, kupunguza tu mzigo wa homoni. Ndiyo maana pia tuna sinakalseti, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004, ambayo huvidanganya vipokezi viamini kalsiamu ni nyingi zaidi, na denosumabu, inayoifunga mifupa pale dawa nyingine zinaposhindwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hiyo kalsiamu nitakuwa napima kila baada ya muda gani?" Nikamwambia miezi mitatu. Akaitoa kalamu kwenye mkoba, akaandika.

Huu ni mwaka wa tano. Jeni yake ilikutwa na kasoro, na mwanawe wa miaka 19 tayari amepimwa damu na kupigwa picha ya taya. Kila baada ya miezi mitatu mama yake hunitumia ujumbe kwa simu. Salamu huja baadaye, kwanza huja namba. Wa mwisho niliupata Jumanne: 2.31.

Karibuni kwa maswali.